Wadudu kibibi kwenye miti ya matunda: Jinsi joto na chakula vinavyoamua kazi yao

Kwa nini mada hii ni muhimu kwako

Mvua zikianza, michungwa hutoa machipukizi laini, na haichukui muda machipukizi hayo yanajaa vidukari. Majani yanajikunja, yananata, kisha yanafunikwa na ukungu mweusi kama masizi. Hapo wakulima wengi hukimbilia bomba la dawa. Lakini ukigeuza majani machache kabla ya kupiga dawa, mara nyingi utakuta upande wa chini kuna kifungu cha mayai ya manjano, yamesimama wima kama punje za mchele zilizopangwa. Hayo ni mayai ya mdudu kibibi, na watakaotoka humo watawala vidukari haohao unaotaka kuwaua.

Dawa nyingi za kuulia wadudu huua pande zote mbili. Kisha vidukari hurudi haraka, kibibi huchelewa. Mkulima anajikuta anapiga dawa ya pili na ya tatu, gharama inapanda, na matunda bado yana masizi sokoni.

Kibibi anakula wadudu waharibifu, hilo halina ubishi. Linalomsumbua mkulima ni kama atawahi. Katika makala haya tunaeleza mambo mawili yanayoamua kama atawahi au atachelewa, yaani joto la mahali na chakula anachopata. Ukiyaelewa hayo utajua lini kusubiri ni busara na lini kusubiri ni hasara.

Mambo ya msingi kwa ufupi

- Duniani kuna aina zipatazo 6,000 za wadudu kibibi. Nyingi hula wadudu wengine, chache hula ukungu wa majani, na chache hula majani yenyewe.
- Kibibi anayekula vidukari hukua haraka kwenye joto la nyuzi 20 hadi 30 za Selsiasi. Chini ya nyuzi 11 hivi karibu haendelei kukua kabisa.
- Vidukari huanza kukua kwenye baridi ambayo kibibi bado haiwezi. Kwa hiyo kwenye ubaridi wanamtangulia.
- Si kila kidukari ni chakula bora. Kuna chakula kinachomfanya kibibi atage, na kuna chakula kinachomfanya aishi tu.
- Joto kali linaongeza njaa. Kibibi aliyekosa chakula wakati wa joto hufa au huhama mapema kuliko wakati wa ubaridi.

Mdudu kibibi ni nani

Ni mdudu mdogo wa mviringo, mgongo wake umebinuka kama kobe, na mabawa yake ya juu ni magumu. Wengi ni wekundu, wa rangi ya chungwa au wa manjano wenye madoa au michirizi meusi. Wengine ni weusi watupu. Majina yake hutofautiana kutoka sehemu moja hadi nyingine, lakini umbo lake halimpotezi mtu.

Anayepotea machoni ni mtoto wake. Kibibi hupita hatua nne: yai, buu, pupa, na mdudu mzima. Buu hafanani na mama yake hata kidogo. Ni mrefu, mweusi au kijivu, ana miguu sita, na mara nyingi ana mabaka ya manjano au chungwa. Ukimtazama kwa karibu anafanana na mamba mdogo. Wakulima wengi humponda kwa kudhani ni kiwavi mharibifu, na hapo wanapoteza mlaji mkubwa, kwa sababu buu mmoja hula mamia ya vidukari kabla hajawa pupa.

Kuna pia mabuu ya kibibi wanaokula vidung'ata, wale wadudu wenye unga mweupe kama pamba. Mabuu hayo nayo yamefunikwa na nyuzi nyeupe za nta, kiasi kwamba yanafanana na windo lao. Njia rahisi ya kuwatofautisha ni kuwagusa kwa kijiti. Kidung'ata hujikokota polepole au hukaa palepale. Buu wa kibibi hukimbia, na mara nyingi ni mkubwa kuliko vidung'ata wanaomzunguka.

Tahadhari moja: kibibi anayekula majani ya maboga, matango na viazi si rafiki. Huyo mgongo wake haung'ai, una vinyweleo vifupi na madoa mengi, na mabuu yake ni ya manjano yenye miiba laini. Ukimkuta kwenye maboga, usimhesabu upande wako.

Funzo kutoka mashamba ya machungwa ya California

Kisa kinachojulikana zaidi cha kibibi kuokoa matunda kilitokea California, Marekani. Mnamo mwaka 1868 hivi, mdudu gamba mwenye mfuko mweupe kama pamba, kwa jina la kitaalamu Icerya purchasi, aliingia huko kutoka Australia. Katika miaka ya 1880 alikuwa ameenea katika michungwa ya kusini mwa California, na baadhi ya wakulima waling'oa miti yao na kuichoma.

Mwaka 1888 Idara ya Kilimo ya Marekani ilimtuma mtaalamu Albert Koebele kwenda Australia kutafuta adui wa mdudu huyo katika nchi alikotoka. Alituma kibibi mdogo mwekundu mwenye mabaka meusi, aitwaye Rodolia cardinalis. Shehena za kwanza zilikuwa na wadudu 129 tu, waliofunguliwa kwenye mchungwa uliofunikwa kwa hema la kitambaa huko Los Angeles. Walizaana, hema likafunguliwa, na wakulima wakaanza kuchukua matawi yenye kibibi kupeleka mashambani mwao. Kufikia mwisho wa mwaka 1889 mdudu gamba alikuwa ameshindwa. Machungwa yaliyosafirishwa kutoka wilaya ya Los Angeles yaliongezeka kutoka mabehewa 700 hadi 2,000 katika mwaka mmoja.

Baadaye, katika miaka ya 1940, wakulima wa huko walianza kupiga dawa mpya ya DDT dhidi ya wadudu wengine. DDT iliwaua kibibi, na mdudu gamba aliyekuwa amesahaulika akarudi kwa nguvu. Ilibidi wabadilishe upigaji wa dawa na kuwarudisha kibibi.

Kwa nini kibibi huyu alifanikiwa namna ile? Kwanza, hula mdudu gamba huyo na ndugu zake wa karibu tu, kwa hiyo hapotezi muda kwa chakula kingine. Pili, kizazi chake ni kifupi kuliko cha windo lake. Mdudu gamba anapomaliza kizazi kimoja, kibibi anaweza kumaliza viwili.

Lakini si kila kibibi aliyepelekwa California alipata bahati hiyo. Koebele alipeleka pia, mwanzoni mwa miaka ya 1890, kibibi mwingine wa Australia anayekula vidung'ata, aitwaye Cryptolaemus. Huyo alikula vizuri wakati wa joto, lakini baridi ya California ilimmaliza sehemu nyingi. Mwishowe wakulima walilazimika kuwafuga ndani ya majengo na kuwafungua mashambani kila mwaka.

Kwa hiyo wadudu wawili walitoka nchi moja na kuingia mashamba yaleyale, mmoja akajitegemea na mwingine akahitaji kulelewa. Kilichowatenganisha ni kustahimili joto na baridi ya mahali, na uwiano kati yao na chakula chao.

Joto ndilo saa ya mdudu

Mdudu hana joto lake mwenyewe mwilini kama sisi. Hewa ikiwa na joto, mwili wake hufanya kazi haraka. Ikipoa, hufanya kazi polepole, na ikipoa zaidi ukuaji husimama. Kwa hiyo hatuwezi kusema kibibi hukua kwa siku kadhaa bila kuuliza kwanza ni mahali gani na ni msimu upi.

Wataalamu hutumia hesabu rahisi. Utafiti uliofanywa Oregon, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1998 ulimpima kibibi wa Asia, Harmonia axyridis, ambaye sasa ameonekana pia Kenya na Tanzania. Ulionyesha kwamba kibibi huyo huanza kukua joto likizidi nyuzi 11.2, na ili atoke yai hadi kuwa mdudu mzima anahitaji kukusanya jumla ya nyuzi 267 juu ya kiwango hicho.

Tuchukue siku yenye wastani wa nyuzi 25. Toa 11.2, unabaki na 13.8. Kila siku mdudu anaweka akiba ya 13.8. Gawanya 267 kwa 13.8, unapata siku 19. Ukifanya hesabu hiyo kwa wastani mbalimbali wa joto utapata hivi:

- Wastani wa nyuzi 25: siku 19 hivi
- Wastani wa nyuzi 20: siku 30 hivi
- Wastani wa nyuzi 18: siku 39 hivi
- Wastani wa nyuzi 15: siku 70 hivi

Aina nyingine za kibibi wanaokula vidukari zina namba zao, lakini nyingi haziko mbali na hapo.

Sasa tuilete hesabu hii nyumbani. Mkoa wa Tanga nchini Tanzania una mashamba mengi ya machungwa Muheza, sehemu ya chini yenye joto. Juu yake, kwenye milima ya Usambara, Lushoto hulima matunda ya ubaridi kama plamu, peasi na tufaha. Mji wa Muheza uko takriban mita 200 juu ya usawa wa bahari, na Lushoto takriban mita 1,400. Joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Maana yake Lushoto ina ubaridi wa nyuzi 7 hivi zaidi ya Muheza. Siku ambayo Muheza ina wastani wa nyuzi 25, Lushoto ina nyuzi 18 hivi. Kibibi wa aina tuliyoitaja atakua kwa siku 19 Muheza, na kwa siku 39 Lushoto. Mwezi wa Julai, baridi ikikaza milimani, atachukua muda mrefu zaidi.

Vidukari hawasubiri. Aina nyingi zao huanza kukua kwenye nyuzi 4 hadi 8 tu. Isitoshe, katika nchi zetu jike la kidukari huzaa watoto hai bila kupandwa na dume, na mtoto huyo naye huanza kuzaa baada ya wiki moja hivi penye joto la wastani. Kwa hiyo kwenye ubaridi vidukari wanaendelea kuongezeka huku kibibi akiwa bado ni yai au buu mdogo. Ndiyo maana mkulima wa milimani huona vidukari wengi kwanza na kibibi baadaye sana, akadhani shamba lake halina wadudu rafiki. Wapo, ila saa yao inakwenda polepole.

Upande wa pili kuna joto kali. Joto likizidi nyuzi 30 faida huanza kupungua. Kibibi hukua haraka lakini anatoka mdogo wa umbo, na jike dogo hutaga mayai machache. Likifika nyuzi 35 na kukaa hapo kwa saa nyingi, mayai ya aina nyingi hayaanguliwi na mabuu madogo hufa. Cryptolaemus, yule mlaji wa vidung'ata, hufanya kazi vizuri zaidi kwenye nyuzi 22 hadi 25 hivi, na joto likizidi nyuzi 33 huacha kutafuta chakula.

Bahati nzuri, joto la ndani ya mti si sawa na la barabarani. Chini ya majani mabichi, penye kivuli na matandazo, hewa ni poa kuliko penye udongo mtupu unaowaka jua. Kibibi wanajua hilo. Saa za mchana hujificha chini ya majani na kwenye nyasi, na hutafuta chakula zaidi asubuhi na alasiri. Shamba lililofyekwa hadi likawa jeupe linawanyima mahali pa kujificha.

Chakula cha kutagia na chakula cha kuishi

Mtaalamu Ivo Hodek wa Czech, aliyewachunguza kibibi kwa miaka mingi, alitenganisha vyakula vyao katika makundi mawili ambayo mkulima anapaswa kuyajua.

Kundi la kwanza ni chakula cha lazima. Hiki humwezesha buu kukua hadi mwisho na jike kutaga mayai. Kwa kibibi mla vidukari, chakula cha lazima ni vidukari wa aina zinazomfaa. Kwa mla vidugamba, ni vidugamba. Jike asipokipata anaweza kuishi wiki nyingi bila kutaga.

Kundi la pili ni chakula cha kujikimu. Humo mna chavua, maji matamu ya maua, na yale maji matamu yanayonata ambayo vidukari huyatoa. Chakula hiki humpa nguvu ya kuruka na kumvusha kipindi cha njaa, ila kwa aina nyingi hakitoshi kuzalisha kizazi kipya. Ni kama mtu anayekunywa uji bila kula ugali. Ataamka kesho yake, ila kazi ya kulima hataimudu.

Tena vidukari wenyewe hawafanani. Wale wa manjano wanaokaa kwenye mialiandari, maua ya uani yenye utomvu wa sumu, hunyonya sumu hiyo na kuihifadhi mwilini. Kibibi wengi wakiwala hukua vibaya au hufa. Kwa hiyo kuona mmea wowote wenye vidukari karibu na shamba hakumaanishi kwamba kibibi wako wana chakula bora.

Kiasi nacho kina uzito wake. Buu aliyeshiba hukua haraka na kutoka mdudu mkubwa. Buu mwenye njaa huchelewa, hutoka mdogo, au hufa njiani. Njaa ikizidi, kibibi hulana wenyewe kwa wenyewe. Mabuu yanayotangulia kuanguliwa hula mayai ya ndugu zao, na wakubwa hula wadogo. Ndiyo sababu jike mwenye akili ya maumbile hatagi penye vidukari wawili watatu. Hutafuta kundi, na akikuta mabuu mengine yamekwisha kufika hapo, aghalabu huondoka akatage kwingine.

Joto na chakula vikikutana

Mambo haya mawili hayafanyi kazi mbalimbali. Siku ya joto, mwili wa kibibi unachoma chakula haraka. Akiwa na vidukari tele, anakula wengi kwa siku na kutaga mengi, nawe unaona kundi la vidukari likiyeyuka kwa wiki moja. Lakini akikosa, joto hilohilo linammaliza. Akiba yake ya mafuta inaisha haraka, na ndani ya siku chache anahama au anakufa. Siku ya ubaridi mambo hugeuka: anakula kidogo, lakini anaweza kuvumilia njaa kwa muda mrefu.

Kuna kibibi wa California aitwaye Hippodamia convergens anayelionyesha jambo hili vizuri. Vidukari wa bondeni wanapoisha mwanzoni mwa kiangazi, huruka kwenda milima ya Sierra Nevada. Hujilimbikizia mafuta kwa chavua na maji ya maua, kisha hukusanyika kwa maelfu penye ubaridi na kulala hadi msimu mpya. Watu huwakusanya milimani na kuwauza kwa wakulima. Wengi wakifunguliwa shambani huruka na kutokomea, hata penye vidukari. Kwa hiyo kuwatunza kibibi waliopo shambani mwako kuna faida kuliko kutafuta wa kununua.

Kwa mkulima wa Muheza na wa pwani yote, hatari kubwa ni miezi ya joto na ukavu, wakati michungwa haina machipukizi na vidukari ni wachache. Kibibi wakikosa chavua na kivuli wakati huo, mvua zitawakuta wameondoka, na vidukari wa msimu mpya watapata uwanja mtupu. Kwa mkulima wa Lushoto, Njombe au sehemu nyingine ya ubaridi, hatari ni haraka yake mwenyewe. Anapiga dawa wiki ya pili, wakati kibibi walikuwa wahitaji wiki ya nne au ya tano.

Ufanye nini shambani

1. *Jua joto lako.* Kama simu yako inaonyesha hali ya hewa, chukua joto la juu kabisa na la chini kabisa la siku, jumlisha, gawanya kwa mbili. Huo ndio wastani. Linganisha na orodha tuliyoitoa hapo juu.

2. *Kagua kabla ya kupiga dawa.* Chagua miti 10 iliyotawanyika shambani. Kwa kila mti angalia machipukizi matano, pande zote na ndani ya kivuli. Andika machipukizi mangapi yana vidukari, na mangapi yana mayai, mabuu, pupa au kibibi wazima. Rudia baada ya siku chache kwenye miti ileile. Kama vidukari wanapungua na mabuu yanaongezeka, kazi inafanyika.

3. *Subiri kwa hesabu.* Kwenye wastani wa nyuzi 25 mayai huanguliwa baada ya siku 3 hadi 4, na kwenye nyuzi 18 ni karibu wiki nzima. Ukiona mayai mengi Muheza, wiki moja ya subira inatosha kuona mabadiliko. Lushoto jipe wiki mbili hadi tatu.

4. *Kama lazima upige, piga mahali palipoathirika tu.* Machipukizi machache yaliyoelemewa yanaweza kukatwa, au kupuliziwa maji ya sabuni: kijiko kimoja cha mezani cha sabuni ya maji kwa lita moja. Jaribu kwanza kwenye machipukizi machache uone kama hayaungui. Sabuni huua pia mabuu ya kibibi ikiwapata, kwa hiyo ruka machipukizi yenye mabuu. Dawa zinazoua kila mdudu ziwe hatua ya mwisho, baada ya kuzungumza na afisa ugani.

5. *Wape chakula cha kujikimu.* Panda pembeni mwa shamba mimea yenye maua mengi madogo au chavua nyingi, kama giligilani, alizeti na mahindi, kwa zamu ili kuwe na maua hata kiangazi. Kunde na mbaazi huvuta vidukari ambao ni chakula kwa kibibi wengi wa kwetu. Epuka bamia, matango na pamba katikati ya michungwa, kwa kuwa kidukari wa pamba hushambulia na michungwa pia.

6. *Acha kivuli na majani.* Fyeka kwa zamu, mstari mmoja leo, mwingine baada ya wiki mbili. Weka matandazo. Pogolea ili hewa ipite, lakini usiuache mti uchi.

7. *Dhibiti sisimizi na vumbi.* Sisimizi huwachunga vidukari kama mfugaji na ng'ombe wake, kwa ajili ya yale maji matamu, na humfukuza kibibi. Funga kitambaa au karatasi ya nailoni kwenye shina, paka grisi juu yake na si kwenye gome lenyewe, na kata matawi yanayogusa ardhi. Miti iliyo kando ya barabara ya vumbi ioshwe kwa maji inapowezekana, kwa kuwa vumbi huwazuia kibibi kutafuta chakula.

Kuhusu sisimizi, tuongeze neno moja kwa wakulima wa pwani. Maji moto, wale wanaoshona majani kuwa viota, ni walinzi wazuri wa minazi na mikorosho dhidi ya wadudu wanaofyonza matunda machanga. Usiwaangamize shamba zima kwa sababu ya vidugamba vya mchungwa mmoja. Wazuie kwenye mti wenye tatizo tu.

Mahali ambapo kibibi hatoshi

Ni vizuri kusema wazi mipaka ya rafiki huyu. Tumeona kwamba Rodolia alishinda kwa sababu kizazi chake ni kifupi kuliko cha mdudu gamba. Kwa vidukari ni kinyume. Kizazi cha kidukari ni kifupi kuliko cha kibibi, kwa hiyo kibibi humpunguza lakini peke yake mara chache humtokomeza. Anahitaji wenzake, kama nyigu wadogo wanaotaga ndani ya vidukari, na mabuu ya nzi-maua.

Pia kuna wadudu wanaobeba magonjwa. Kidukari wa kahawia wa michungwa hueneza virusi vya tristeza, na visaili wanaofyonza machipukizi hueneza ugonjwa wa majani ya njano unaoua michungwa. Wadudu wachache tu wanatosha kuambukiza mti. Kibibi hula vidukari na visaili hawa na kupunguza idadi yao, lakini hawezi kuzuia kila mfyonzo. Kwa kitalu na miche michanga, nunua miche safi, funika kitalu kwa wavu, na ung'oe miti iliyougua. Hapo usimtegemee kibibi peke yake.

Joto linavyobadilika

Mahali penye ubaridi, ongezeko dogo la joto linaweza kumsaidia kibibi kuwahi. Mahali palipo tayari na joto, siku nyingi zaidi za nyuzi 35 na kuendelea zitamuumiza kwenye mayai na mabuu, hasa ukame ukija naye akiwa hana maua wala kivuli. Mkulima hawezi kushusha joto la anga. Anaweza kupunguza joto la chini ya mti wake kwa matandazo, miti ya kukinga upepo na nyasi zilizoachwa kwa mpango. Kazi hiyo huwa rahisi zaidi wanaopalilia na kuchuma wanapolijua umbo la buu, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaomwona kwanza.

Maneno tuliyotumia

*Buu*: hatua ya mdudu baada ya kutoka kwenye yai, kabla ya pupa.
*Chavua*: unga wa maua.
*Pupa*: hatua ambayo mdudu hujibandika kwenye jani, hali chochote, akibadilika kuwa mdudu mzima.
*Vidukari*: wadudu wadogo laini wanaokaa kwa makundi na kufyonza machipukizi. Sehemu nyingine huitwa wadudu mafuta.
*Vidugamba*: wadudu wafyonzaji waliojibandika kwenye majani, matawi au matunda kama magamba.
*Vidung'ata*: wadudu wafyonzaji wenye unga mweupe mwilini.
*Visaili*: wadudu wadogo wanaoruka, hutaga kwenye machipukizi ya michungwa.
*Wastani wa joto*: joto la juu na la chini la siku, yakijumlishwa na kugawanywa kwa mbili.